Msiba Usio na Turubai

Ukifiwa na shangazi, hata yule ambaye mlikuwa hamsalimiani, mambo yanajipanga yenyewe. Turubai linafungwa, mabenchi yanaletwa kutoka kanisani, kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri anakalishwa mlangoni na daftari la rambirambi, akina mama wanakoka moto nyuma ya nyumba. Kazi yako wewe ni kukaa tu. Watu wanapita, wanakupa mkono, wanasema pole, unajibu nimeshapoa, ingawa hujapoa. Usiku mnalala matangani, mnapiga soga, mtu akisinzia na kukoroma mnamcheka. Baadaye mnaanua tanga na kila mtu anarudi kwake. Hata asiyejua kulia, msiba unambeba.

Sasa afe mtu ambaye hamjawahi kukaa meza moja, ambaye hata jina lako hakulijua, lakini kwa miaka umeisikia sauti yake kuliko ya kaka yako. Turubai halipo. Wa kukupa mkono hayupo. Ukinyamaza unaulizwa una nini, ukisema unaangaliwa kama umelewa.

Mimi lilinikuta Aprili 2012, alipofariki Steven Kanumba, mwigizaji wa muvi.

Siku hizo nilikuwa na kibanda cha kukodisha CD za muvi pale Lizaboni, Songea. Cha mabati, dirisha moja la kupokelea wateja, ndani TV ya chogo juu ya meza na deki ya Kichina iliyokuwa ikigoma kila mvua ikinyesha, na Songea mvua unazijua. Mteja anaandikisha jina, analipa shilingi 500, kesho yake anarudisha. Asiporudisha nampigia simu mpaka anachoka. Kutwa nzima deki ilikuwa inacheza, maana mteja hakodi kabla hajaonjeshwa, na mara nyingi aliyekuwa kwenye kioo ni Kanumba.

Wenzangu wa biashara ile watanielewa nikisema Kanumba alituhamishia mashelfu. Zamani mbele kabisa, pale mteja anapofikia kwa mkono, zilikaa muvi za Kinaijeria. Za Kihindi zilifuata. Za kwetu zilikuwa chini, karibu na vumbi. Wengi tulikuwa tumemfahamu Kanumba kwenye maigizo ya Kaole yaliyokuwa yakirushwa ITV, mvulana wa Shinyanga, mrefu, anayejua kuvaa. Halafu akaingia kwenye muvi, akaenda kucheza na Wanaijeria wenyewe, Mercy Johnson, baadaye Ramsey Nouah, na wateja wakaanza kuniuliza jambo ambalo hawakuwahi kuuliza: "Ya Kanumba mpya imefika?" Hawakutaja jina la muvi. Walitaja mtu. Ndipo nikaziinua za Kibongo zikakaa mbele, na mpaka nafunga kibanda zilikuwa bado palepale.

Walimcheka pia, tusisahau. Mwaka 2009 alipokwenda kutembelea ile nyumba ya Big Brother kule Afrika Kusini, Kiingereza chake kilichekwa nchi nzima, na Lizaboni hatukubaki nyuma. Vijana walikuwa wanakuja dirishani kunisalimia kwa Kiingereza cha Kanumba. Lakini walewale ndio waliokodi. Nadhani kilichotufunga kwake ni hicho: alijaribu mambo makubwa mbele yetu, akakosea mbele yetu, akaendelea. Nyota wa nje unamtazama kutoka mbali. Huyu tulimwona akikua.

Usiku wa Ijumaa Kuu kuamkia Jumamosi, tarehe 7 Aprili, mauti yakamfika nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Alikuwa na miaka 28. Sisi tulipata kwa ujumbe wa simu alfajiri, na wengi hatukuamini, kwa sababu watu maarufu wa nchi hii huuawa kwa meseji mara nyingi kabla hawajafa kweli. Redio ndiyo iliyotumaliza. Mtangazaji alipoanza kusoma kwa ile sauti ya taratibu, mke wangu alikuwa ananyonyoa kuku wa Pasaka nje. Akaniangalia nilivyokaa kwenye kigoda, akaniuliza, bila ubaya wowote, "Kwani mlikuwa mnafahamiana?"

Swali hilo nimelisikia tangu hapo kwenye kila msiba wa namna ile, na sina ugomvi na anayeliuliza. Ni swali la haki. Katika mila zetu msiba una mwenyewe: kuna mfiwa, kuna jirani wa mfiwa, kuna waliokuja kuhani. Shabiki hayumo kwenye orodha. Nilichojifunza ni kwamba swali hilo halijibiki kwa maneno, na ukijaribu kulijibu utaishia kujitetea, utasema alikuwa kama ndugu, utaambiwa si ndugu, na hapo mmeshaacha kuzungumza habari za marehemu mnazungumza habari zako. Nilimjibu mke wangu, "Hapana." Nikavaa viatu nikaenda kufungua kibanda.

Sikujua kama niwashe deki au nisiwashe. Kuwasha niliona kama dhihaka. Kuacha kioo cheusi niliona kama nimemfukuza. Nikawasha bila sauti. Baada ya muda kidogo watu walianza kuja, na hakuna aliyekuja kukodi. Walisimama. Mmoja akakaa kwenye kreti la soda, mwingine akageuza ndoo. Kijana wa bodaboda aliyekuwa na deni langu la CD tatu alikuja akalipa bila kudaiwa, akabaki. Hatukuongea mengi. "Aisee." "Ndiyo hivyo." "Mama yake sijui yukoje." Mtu anasema hivyo, anatema mate pembeni, mnanyamaza tena. Yeyote aliyewahi kukaa chini ya turubai anajua lugha hiyo. Mchana mtu akaleta sukari, nikatuma majani ya chai nyumbani, na kabla ya magharibi tulikuwa na matanga ambayo hakuna aliyeyaitisha.

Aliyeyapa sura ni mama mmoja Mzaramo, muuza vitumbua, aliyeolewa Songea miaka mingi. Sisi mtaani tulimwita Mama Vitumbua. Alikuja jioni ile na beseni tupu kichwani, akatutazama tulivyojikunyata, akauliza, "Huyu marehemu si Msukuma?" Tukasema ndiyo, wa Shinyanga. "Basi ni mtani wangu, Wazaramo na Wasukuma tunataniana. Maiti hii yetu sisi Wazaramo. Mbona mmekaa bila ruhusa?" Akaingia ndani, akachomoa kava la muvi lenye picha ya Kanumba, akalifunika na khanga yake kifuani, akakaa mlangoni. "Anayetaka kumwona marehemu alete chochote."

Nyie mnaojua utani wa misibani mnajua kilichofuata. Mtu akatoa mia mbili, akafunuliwa khanga kidogo, akaonyeshwa paji la uso tu. "Hela yako imeishia hapo." Mwingine akatoa mia tano akaonyeshwa mpaka kidevu. Halafu Mama Vitumbua akasimama akaanza kumwigiza Kanumba: alivyokuwa anavua miwani myeusi kabla ya kusema jambo zito, alivyokuwa anaweka koti begani, na mwishoni, jambo ambalo sisi tuliliogopa, akaigiza kile Kiingereza. Watu walicheka mpaka yule kijana wa bodaboda akainamisha kichwa kwenye usukani wa pikipiki yake. Alipokiinua alikuwa analia. Ndiye aliyekuwa wa kwanza. Baada yake wengine hawakuona aibu.

Nimefikiri sana kwa nini ile ilifanya kazi kuliko maneno yote ya faraja niliyoyasikia redioni wiki ile. Mtani ndiye mtu pekee msibani aliyeruhusiwa kusema marehemu alikuwa na kasoro. Wengine wote wanamsifu mpaka anakuwa mtu usiyemjua. Mama Vitumbua alitupa Kanumba wetu, na Kiingereza chake, na mikogo yake, ndipo tukajua nani amekufa. Pia alifanya kitu kingine bila kukitaja. Mtani hana kazi kwenye msiba usio na wafiwa. Kwa kuja kututania alikuwa ametutambua.

Pasaka yenyewe naipita haraka. Kanisani kulijaa, kuku aliliwa, watoto walivaa nguo mpya. Kwenye kibanda biashara ilipanda kiasi ambacho sijawahi kukiona kabla wala baada. Watu wa Mfaranyaki, wa Bombambili, waliokuwa na vibanda vyao karibu na kwao, walikuja kwangu kwa kuwa vya huko vimeisha. Wengine walitaka kununua kabisa, taja bei. Akaja na jamaa mmoja mwenye diski ya kuchoma, muvi zote za Kanumba zimebanwa humo, kava limeprintiwa usiku na picha ya msalaba. Nilimwambia aondoke nayo. Bei yangu niliiacha shilingi 500 ileile, na fedha nilizopata nililipia pango. Sioni aibu. Wauza sanda nao hula. Ila kuna mteja mmoja wa kike aliyenifundisha nisiwadharau hao waliokuja kwa wingi ghafla, wale tunaowaita mashabiki wa msibani.

Alikuwa mama wa makamo, si mteja wangu. Alikodi ile muvi ambayo Kanumba ni mjomba anayekaa na watoto wawili wadogo, aliyoipenda kila mwenye watoto. Kesho yake akairudisha akiwa na macho mekundu, akaikodi tena. Mara ya tatu nikamwambia, "Mama, kaa nayo tu mpaka wiki iishe." Akasimama pale dirishani akaniambia kwamba kaka yake, mjomba wa watoto wake, alikwenda Afrika Kusini kutafuta maisha akafia huko, na mwili haukurudi kwa sababu gharama zilishindikana. Waliweka matanga bila kaburi. Watu walikuja, wakala, wakaondoka, na yeye akabaki na wasiwasi kwamba labda wamekosea, labda kaka yake atapiga simu. "Huyu nimeona jeneza lake kwenye gazeti," akasema. "Sasa na wangu nalia."

Tangu siku ile sijawahi kumuuliza mtu kwa nini anamlilia mtu maarufu kupita kiasi. Kifo cha mtu wa watu ni mlango wa uani: unapita humo kwenda kwa marehemu wako mwenyewe, yule ambaye ulipofiwa naye ulikuwa na kazi ya kupokea wageni, au ulikuwa mbali, au ulikuwa mtoto ukaambiwa unyamaze. Na ukishajua hilo, kumwambia mtu "acha kulia, hakuwa ndugu yako" unaliona kuwa jambo la kikatili kidogo, hata kama msemaji hakukusudia.

Vijana walitaka kwenda Dar. Hili nalisema kwa urefu kwa sababu kila msiba mkubwa linarudi. Songea hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,000, basi linaondoka giza na kufika giza, nauli si ya kuokota. Walikaa wakapiga hesabu, wakaanza kukusanya. Mimi nilikuwa mkubwa wao kidogo, wakaniuliza. Niliwauliza swali moja tu: mkifika mtafanya nini? Mmoja akajibu, "Tumwone." Sikuwa na hoja ya kuishinda hiyo. Kumuaga marehemu kwa macho ni jambo zito kwetu, na asiyeona mwili, kama yule mama, anabaki na deni. Kilichowazuia hatimaye ni fedha.

Miaka tisa baadaye nililikumbuka jibu lile. Alipofariki Rais Magufuli Machi 2021, watu walikwenda Uwanja wa Uhuru kumwona kwa nia hiyohiyo, na tarehe 21 msongamano ukaua watu 45. Familia zilizokwenda kuaga zikarudi kuzika. Toka hapo, kijana akiniambia anasafiri kwenda kuaga mtu maarufu, simkatazi, ila namuuliza kama amewahi kukaa mahali penye watu wengi wanaosukumana kuelekea kitu kimoja, na kama anajua atatokea wapi.

Basi Jumanne tarehe 10 Aprili tukabaki Songea, na mazishi yakawa yanaonyeshwa kwenye TV moja kwa moja. Hapo tukakutana na tatizo la kwetu. Gridi ya Taifa ilikuwa haijafika Songea, tulitegemea umeme wa majenereta ya mafuta, na siku nyingine mtaa mmoja unapata, mwingine unalala. Siku ile Lizaboni haikuwa zamu yetu. Mwenye saluni jirani alikuwa na kijenereta kidogo, akasema atakitoa lakini petroli hana.

Nikachukua daftari langu la wakodishaji, nikafungua ukurasa mpya, nikachora mistari. Sikuandika kichwa cha habari. Nikaliweka dirishani na kalamu. Watu wakaanza kuandika: jina, kiasi. Mia mbili, mia tano, elfu moja. Mama Vitumbua aliandika vitumbua kumi. Mzee mmoja mstaafu ambaye nina hakika hakuwahi kukodi muvi maishani mwake aliandika elfu mbili, akaniambia, "Mimi simjui huyo kijana. Nimekuja kwa ajili yenu." Nikampa mkono. Akasema pole. Nikajibu nimeshapoa, na niliposema hivyo nikasikia kitu kimelegea kifuani, kwa sababu tangu Jumamosi ndiyo ilikuwa pole yangu ya kwanza.

Kijenereta kilinguruma nje, sisi ndani na dirishani na barabarani tukatazama. Viwanja vya Leaders, Kinondoni, vilikuwa vimefurika. Makamu wa Rais, Dk. Mohamed Gharib Bilal, alikuwepo. Wasanii wenzake tuliozoea kuwaona wakilia kwenye muvi walikuwa wanalia na hakuna aliyekuwa anawaongoza. Watu walianguka, walibebwa juu ya vichwa. Kamera ilipomwelekea mama yake, Mama Vitumbua, aliyekuwa amekaa mbele kabisa kwa haki yake ya utani, alivuta khanga akajifunika uso, na mpaka wanafika makaburi ya Kinondoni hakusema neno la kuchekesha.

Kuna jambo hapo linahitaji kusemwa. Nikiwa shule ya msingi, Oktoba 1999, Mwalimu Nyerere alifariki kule London, tukakusanywa paredi tukaambiwa. Huo nao ulikuwa msiba wa mtu ambaye wengi wetu hatukuwahi kumwona. Lakini hakuna aliyeuliza kama tulikuwa tunafahamiana naye. Bendera ilishushwa nusu mlingoti, redio ilibadilika kuanzia asubuhi hadi usiku, serikali ilitangaza siku 30 za maombolezo, walimu walitupanga mistari, tukafagia uwanja mzima wa shule, tukaimba. Kila mtoto alikuwa na kazi. Nilihuzunika kama wengine, lakini sikumbuki kuhangaika. Nilipokuwa nachora mistari kwenye daftari mwaka 2012 ndipo nilipoelewa ule ufagio ulikuwa wa nini. Kwa kiongozi, dola inafunga turubai la nchi nzima. Kwa msanii, kwa mchezaji, kwa mtangazaji uliyezoea kuamka naye, mara nyingi unalifunga mwenyewe, kwa kamba ulizonazo.

Fedha ya petroli ilibaki. Si nyingi, lakini ilibaki, na fedha ya msiba ikibaki huwa inaleta maneno. Wengine walisema itumwe kwa mama wa marehemu, ila hakuna aliyekuwa na njia. Wengine walisema tunywe soda. Mzee mstaafu ndiye aliyetukumbusha kwamba mtaa wa pili kuna babu alifariki Jumapili ya Pasaka, na yeye mwenyewe alipopita pale asubuhi aliwakuta watu wa kuhesabu, wengine wote wako kwenye TV. Tukatazamana. Hakuna aliyejitetea. Tukafunga kibanda tukaenda wote, na kile kijenereta tukakibeba.

Walikuwa wamekaa na taa ya chemli. Tuliwawashia balbu, tukakabidhi kilichobaki, jina likaandikwa kwenye daftari lao la rambirambi: "Kibanda cha CD." Tukakaa tukanyamaza kama inavyotakiwa. Baada ya muda mjukuu wa marehemu akanisogelea akaninong'oneza, "Kaka, samahani. Nyie mmeyaona mazishi ya Kanumba? Hapa hatukuwa na umeme." Nikamsimulia. Wengine wakasogea kusikiliza. Akina mama walioko ndani wakatuma mtu aje kuuliza mama yake alivaa nini. Tulikesha pale tukizika watu wawili, na sidhani babu yule alipungukiwa chochote, maana bila Kanumba wengi wetu tusingefika.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya zaidi kuliko zile za mwanzo, na lawama naiweka kwenye simu. Uchunguzi wa kilichotokea usiku ule ulikuwa mikononi mwa polisi, kesi ikaenda mahakamani, na hukumu ilikuja kutoka Novemba 2017. Lakini Songea, kama kila mahali, hukumu ilitoka wiki ileile, kila benchi na hukumu yake. Kulikuwa na picha za maiti zinazosambazwa. Nilizifuta na kuwaambia vijana anayezionyesha kibandani kwangu asirudi. Sababu yangu haikuwa dini. Niligundua kwamba kila tulipoanza kubishana nani alifanya nini, Kanumba mwenyewe alitoweka kwenye mazungumzo. Hasira ni tamu kwa sababu inakupa kazi ya kufanya, lakini kazi yenyewe haina mwisho, na unaifanya kwa gharama ya mtu aliye hai ambaye nawe humjui.

Kumtazama tena kulinichukua muda. Kwa ndugu yako aliyefariki unabaki na picha mbili tatu na shati. Kwa mwigizaji unabaki na mtu mzima anayetembea, anayecheka, anayekula wali, na kwenye muvi kadhaa anayekufa na kuzikwa. Zile alizokufa niliziondoa shelfu, nikiombwa nazitoa chini. Hizo nyingine nilianza na sauti tu, nikiwa nashona begi au nafuta CD, mgongo kwenye TV. Halafu nikageuka. Siku nilipojikuta namkosoa, kwamba hapa ameigiza vibaya, hapa amezidisha, nilijua nimerudi kuwa mtazamaji.

Kibanda nilikifunga miaka michache baadaye, bando la intaneti liliposhuka bei na kila mtu akawa na muvi mfukoni. Sasa nauza chaja na vioo vya simu palepale. Tarehe 8 Agosti 2018, sikukuu ya Nane Nane, alifariki mchekeshaji Mzee Majuto pale hospitali ya Muhimbili, na kesho yake asubuhi kabla sijafungua vizuri niliwakuta watu wawili wamesimama nje ya duka. Wamezoea. Nikatoa benchi. Nikatoa daftari, safari hii kwa ajili ya sukari na majani tu, umeme ulikuwepo. Tukamweka Majuto kwenye kioo, na kwa huyo hakuna anayeweza kuweka bila sauti.

Mama Vitumbua alifika na beseni, akakaa kwa heshima, mikono mapajani. "Huyu wa Tanga, si Msukuma," akatutangazia. "Kwa huyu sina ruhusa ya kucheka." Alivumilia mpaka Majuto alipoanza kugombana na mtu kuhusu deni, sijui la nini, macho yamemtoka. Mama akashika nguzo ya kibaraza. Akacheka mpaka vitumbua vikamwagika barabarani, na mchana wote uliobaki tukabishana kama hasara ile iandikwe kwenye daftari au ailipe mwenyewe.